Dar–Nairobi na 737 kwenye simuleta: mbona nafika JKIA na mwendo mkubwa kila mara?

MtotoWaChumbageni:
Wakuu, salaam. Wiki ya tatu hii niko na njia moja tu, Dar kwenda Nairobi, 737 ndani ya X-Plane. Nataka niiruke kama wenyewe wanavyoiruka. Kupanda sina shida: noti 250 (maili za baharini kwa saa) mpaka futi 10,000, kisha 280, kisha Mach 0.78 (asilimia 78 ya mwendo wa sauti), natulia futi 35,000. Kasheshe ni kushuka. Natoa mwinuko wa uwanja, zinabaki kama futi 30,000, kila futi elfu moja maili tatu, kwa hiyo naanza kushuka zikibaki maili 90. Hesabu hiyohiyo nikirudi nayo Dar natua vizuri. JKIA nafika bado nina noti 270 na uwanja uko puani.

Jana ndiyo ikawa balaa. Nasubiri altimeta isome 2,000 nishushe magurudumu, kama mkono ulivyozoea Dar. Nikasikia onyo la ardhi, nje naona nyasi. Nimerudia mara nne. Nisaidieni, nimekwama kweli.

BabaAltimeta:
Kijana, hesabu yako ya maili ni sahihi. Kinachokuangusha ni hiyo futi 10,000.

Dar uwanja uko karibu usawa wa bahari. Ukifika futi 10,000 umebakiwa na maili 30 hivi, nafasi tele ya kupunguza mwendo. JKIA uko futi 5,330. Ukifika 10,000 pale, chini yako zimebaki futi 4,700 tu, yaani maili 14. Ndani ya hizo 14 unataka utoke 280 uje 140, ushushe flapu za mabawa, ushushe magurudumu, na bado unateremka. 737 haikubali mambo mawili kwa pamoja, kushuka na kupunguza mwendo. Ni ndege inayoteleza sana.

Mimi huongeza maili 10 juu ya hesabu, kwa hiyo naanza kwenye 100. Nikifika futi 12,000 napunguza kasi ya kushuka, naiacha ndege ifike 250 kabla ya 10,000. Ikiruka usawa bila nguvu ya injini, noti 10 hula kama maili moja. Kwa hiyo kutoka 250 kuja 180 tenga maili 7, usizikope kwingine.

Magurudumu: 2,000 ya Dar kwa Nairobi ni 7,300. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike chini ya skrini kabla hujawasha injini. Mimi ninayo mpaka leo, wino umeshafifia.

Halafu futi 35,000 siyo yako. Ukielekea magharibi, hata kaskazini magharibi kama hapo, unakaa levo shufwa: 340 au 360, yaani futi 34,000 au 36,000. Utakutana na wenzako uso kwa uso.

DadaWaEmbakasi:
Naongezea kitu kimoja, maana huku ndiko nyumbani. Kwenye kushuka, ukivuka levo ya mpito, pale altimeta inapobadilishwa, usisahau kuitoa kwenye 1013 (shinikizo la hewa la wastani linalotumika juu) na kuweka shinikizo la uwanja. La Nairobi mara nyingi huwa kubwa kuliko hiyo 1013. Juzi nilipata 1023. Ukiiacha 1013, uko karibu futi 300 juu zaidi ya unavyosoma, na wewe tayari unalia kwamba uko juu.

Pia hewa huku ni nyepesi. Kipimo kikisema 140, kwa kweli unakimbia zaidi ya 150. Ukija ranwei 06 kupitia juu ya mbuga, shuka karibu futi 800 kwa dakika. Zile 700 zinazotosha Dar hazitoshi huku, utabaki juu ya mstari wa kushukia.

MtotoWaChumbageni:
Nimetoka kuiruka sasa hivi. Levo 340, nimeanza maili 100, futi 12,000 nikasawazisha. Nimevuka 10,000 na 248. Magurudumu 7,300, karatasi ikiwa mbele yangu. Nilisahau 1023 mpaka futi 9,000, Dada nisamehe, lakini nimegusa kwenye alama. Naweka mafuta narudi Dar.