Nyuzi za kijani kwenye mparachichi: nizikate au niziache?

MzeeWaLushoto: Wadau, kwenye mparachichi wa marehemu babu kumeota kitu kama tambi za kijani, kinaning'inia karibu mita nzima. Jani hata moja hakina. Kina vitunda vyeupe, ukubwa wa pilipili manga. Nimeminya kimoja, ute ukaninata hadi nikajifuta kwenye suruali. Jirani anasema kinanyonya mti, nikate. Mwasemaje?

BustaniYangu: Weka panga chini! Hiyo ni Rhipsalis baccifera na, usicheke, ni kakati, ndugu wa mpungate. Ikishakomaa haina miiba. Jamii ya kakati asili yake Amerika. Hii ndiyo pekee inayoota kiasili Afrika, Madagaska na Sri Lanka pia. Hainyonyi mti. Imekaa juu ya gome tu, inakunywa mvua na ukungu, inakula takataka za majani yaliyooza kwenye mapanda. Shina ndilo linafanya kazi ya majani, ndiyo maana iko kijani mwaka mzima. Na huo ute ndio nauli yake: ndege akila, mbegu inanata mdomoni, anaifuta kwenye tawi lingine. Kama wewe na suruali yako.

DadaTanga: Yangu iko kwenye kifuu cha nazi barazani. Jua la saa saba liliibabua, nikaihamishia kivulini. Kata kipande, kidonda kikauke siku mbili, ndipo upande.

MzeeWaLushoto: Panga limerudi stoo. Jirani bado anaguna, ila kashaniomba kipande.