Bach au Chopin kwa mpiga udi?

Swali (Mkomani, Lamu): Napiga udi. Usiku barazani humsikiliza Bach, mtunzi wa muziki Mjerumani (1685–1750), kisha Chopin, mtunzi wa piano kutoka Poland (1810–1849). Bach hunishika zaidi: sauti mbili, tatu zafukuzana, na hakuna inayomezwa. Chopin naona analia tu. Nakosa nini, wajuzi?

Langoni: Hukosi kitu, ndugu yangu. Hapsikodi, kinanda cha zama za Bach, ilidonoa nyuzi, kama udi wako. Piano huzigonga kwa nyundo ndogo.

Shela: Na Chopin mwenyewe alimpenda Bach mno! Preludi zake 24 za mwaka 1839, vipande vifupi vya piano, zapita funguo zote za muziki (yaani ngazi zote za sauti), kama alivyofanya Bach. Sikiliza ya 4: mkono wa kushoto washuka polepole, kama bahari ikipwa.

Mkomani: Nimeirudia mara tatu. Ule mkono wa kushoto, wallahi!