Naomba ushauri: gari ya CVT imewekewa ATF, sasa haivuti

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Fielder ya 2008 kutoka Japani, cc 1500, giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia). Fundi alibadilisha oili akaweka ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia), nikaendesha wiki mbili bila kujua. Sasa ikianza kuondoka inatetemeka, na kwenye mlima RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda hadi 4000 huku gari inajikokota. Inaniuma, ndiyo inayowapeleka watoto shule.

Nimemwaga oili ile: ilinuka kuungua, na kidoleni ilibaki kama unga wa fedha. Nimeweka oili ya CVT, mtetemo umepungua kidogo tu. Mashine ya kupima haijaonyesha kosa.

Je, nifungue sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) nisafishe na kubadilisha filta, au mkanda umeshakwisha nitafute giaboksi nyingine?