Nimeandikiwa faini ya pikipiki jangwani Arizona: nilipe, nibishe au niachane nayo?

Mchanga_Moto
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Phoenix, Arizona. Jumamosi iliyopita nilikuwa na pikipiki yangu ya porini kaskazini ya jiji, askari wa wanyamapori akanisimamisha na kuniuliza stika ya OHV (ile ya vyombo vya kuendeshea porini) iko wapi. Sina. Akaniandikia karatasi. Stika yenyewe ni dola 25 kwa mwaka, na hii pikipiki nimeinunua mkononi kwa mtu, wala siitoi kila wiki. Hizo hela wanazifanyia nini? Jangwa ni jangwa: lami hakuna, taa hakuna, choo hakuna. Naomba ushauri kwa waliowahi kupitia. Nilipe, nikabishe mahakamani, au niachane nayo tu? Mwezi ujao nahamia Minnesota hata hivyo. Sijalala vizuri.

FundiMatairi
Mkuu, stika inanunuliwa mtandaoni, unabandika kwenye pleti, basi. Dola 25 ni pizza mbili. Tueleze kwanza ni pikipiki gani. Kama ni ya tu-stroku nina maswali.

Bin_Kibaha
Kumbe hata Marekani kuna trafiki wa porini! Huku kwetu angekuuliza "tunamalizaje hapa?" na mngeagana kwa amani.

Mlipakodi_Sugu
Umeuliza hela zinakwenda wapi, nakujibu, nimeishi Tucson miaka kadhaa. Stika ipo tangu 2009. Katika dola 25, asilimia 30 inaingia mfuko wa barabara wa jimbo, yaani dola 7.50. Dola 17.50 zinazobaki zinakwenda mfuko wa OHV, nao una wagawana watatu: bodi ya hifadhi za jimbo asilimia 60, wanyamapori 35, idara ya ardhi 5. Piga hesabu. Hifadhi wanapata dola 10.50, na humo ndimo zinamotoka ruzuku za kukarabati njia na kuweka vibao. Wanyamapori wanapata dola 6 na senti 12, ambazo ni doria na elimu. Idara ya ardhi inaambulia senti 87. Juu ya hapo kuna kijisehemu cha kodi ya petroli, kwa hiyo hata wewe usiye na stika umechangia kidogo. Huyo askari aliyekusimamisha, mafuta ya gari lake yamelipwa na wenzako walionunua stika.

Mchanga_Moto
Senti 87 kwa wenye ardhi? Si nilisema! Halafu wanataka mimi ndiye niwe na nidhamu.

Mama_Zawadi_PHX
Mwanangu, mimi niko hapahapa Phoenix, natoka Bukavu. Hiyo karatasi inasema nini? Kosa ni stika peke yake? Na ulikuwa kwenye njia au umekata porini?

Mchanga_Moto
Mama shikamoo. Njia ilikuwepo. Kuna mahali inaingia kwenye korongo kavu la mchanga, nikalifuata. Kibao kilikuwepo lakini kimepigwa risasi hadi hakisomeki. Na alama za matairi ya watu wengine zilikuwa zimejaa mle, sikuwa wa kwanza.

Dereva_wa_Ndutu
Hapo kwenye alama za matairi ya wengine ndipo wanapokamatiwa wengi. Mimi ni dereva wa watalii, Arusha. Msimu wa nyumbu tunashinda Ndutu. Upande wa Ngorongoro unaruhusiwa kuacha njia ukamsogelea duma. Ukivuka kuingia Serengeti, hairuhusiwi, na mpaka wenyewe hauna ukuta wala kamba, ni nyasi zilezile. Kuna mwenzetu alifuata alama za gari lililotangulia, mgeni anamhimiza nyuma "twende, twende", duma yuko kule na watoto. Akakuta gari la doria limepaki chini ya mgunga. Lile lililotangulia lilikuwa la doria lenyewe. Faini alilipa mfukoni mwake, mgeni akampa pole na kalamu.

Kipanga254
😂😂 Na kalamu! Lakini nyinyi fee zenu za park zinaenda wapi? Sisi za Masai Mara ni za county ya Narok, na vile barabara inakaa baada ya mvua unajua mwenyewe.

Dereva_wa_Ndutu
Mwaka 2020 za TANAPA (hifadhi za taifa) na Ngorongoro zilihamishiwa TRA, watu wa kodi, zikawa zinaingia Hazina. Barabara ya kutoka lango la Lodoare, Ngorongoro, kushuka Serengeti bado inatutoa meno. Nisiendelee, nina leseni ya kulinda.

Mlipakodi_Sugu
Turudi Arizona. Mleta uzi, kaskazini ya Phoenix eneo kubwa ni ardhi ya dhamana ya jimbo. Siyo ya umma kama unavyodhani. Jimbo lilipewa ardhi hiyo ili mapato yake yaende zaidi kwenye shule, na kuingia humo kuna masharti yake. Ukiwa na stika unaruhusiwa kupita kwenye njia zilizopo. Kukata porini haikuruhusu hata ukiwa na stika kumi. Na siku wakitangaza vumbi limezidi hewani, kuendesha hizi pikipiki nje ya lami eneo la Phoenix kunapigwa marufuku kabisa.

Halafu hilo la "jangwa ni jangwa" linaniudhi. Mwaka 1942 Jenerali Patton wa jeshi la Marekani alifundishia askari wa vifaru katika jangwa la California na Arizona. Mistari ya vifaru vile ungali unaiona leo. Udongo wa pale una gamba jembamba juu, ukilivunja kwa tairi upepo na maji vinamalizia.

Ustadh_Mpole
Mgeni njoo mwenyeji apone. Siyo mgeni njoo mwenyeji akukimbize na king'ora.

Mchanga_Moto
Sawa, nimewaelewa, lakini mnanihukumu. Nilikuja kuuliza nilipe au la. Mimi naona nikishahama jimbo wataitafuta dola 25 mpaka lini? Pikipiki nishamwahidi jamaa ataichukua wiki hii. Hata namba ya simu niliyompa askari ni ya zamani. Nani atapanda ndege kwa ajili ya stika?

Mama_Zawadi_PHX
Mtu hakosi usingizi kwa dola 25. Kuna kitu unakificha. Sema.

Mchanga_Moto
Mama, nina usaili wa uraia mwezi wa tisa. Alama za vidole nilishatoa. Ndiyo maana sitaki jina langu lionekane mahakamani kabisa. Nisipokwenda hakuna kesi, nikienda kuna kesi. Ni hesabu rahisi tu.

FundiMatairi
Mungu wangu. Na umeandika hayo yote kuanzia "choo hakuna" kabla ya kusema hili?

Mama_Zawadi_PHX
Hesabu yako umeishika kichwa chini. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kuzuiwa au kuandikiwa na askari. Utajibu ndiyo. Faini ndogo ya barabarani, isiyofika dola 500 na isiyokuwa na kukamatwa, kwa kawaida haimwangushi mtu. Kuificha ndiko kunamwangusha. Mdogo wangu alikwenda na risiti yake ya faini, ofisa akaitazama, akamrudishia, wakaendelea na maswali ya rais wa kwanza.

Kipanga254
Ngojeni kidogo. Nimepitia threads zake. Mwezi wa pili alikuwa Minneapolis anauliza battery ya gari inakufa kwa baridi afanye nini. Leo yuko Phoenix, ana pikipiki, na "anahamia" Minnesota. Mtu anahamia kwao? Hii ni chai. Page ya pili ataleta namba ya wakili.

Bin_Kibaha
Chai ya maziwa, na vitumbua pembeni. Mimi nilishangaa tangu kibao kilipopigwa risasi.

Mlipakodi_Sugu
Kibao kupigwa risasi ndicho kitu cha kweli kuliko vyote humu. Kaeni Arizona mwezi mmoja.

Mchanga_Moto
Familia iko Minnesota, huku nilifuata kazi ya ghala. Karatasi hii hapa, nimeziba jina. Mtaniomba radhi.
[picha]

Kipanga254
Sawa, iko. Lakini buda, umeisoma wewe mwenyewe? Juu kuna visanduku vya aina ya kosa. Tiki haiko kwa civil. Iko kwa criminal, yaani jinai. Na makosa ni mawili, stika ni la pili.

Mchanga_Moto
Niliangalia ile mistari ya chini tu, penye tarehe.

Mama_Zawadi_PHX
Basi usipotokea hiyo tarehe, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na hati hiyo itakutangulia Minnesota. Askari aliandika kosa la kwanza ni nini? Ukuze picha, umekata pembeni.

Mchanga_Moto
Kuendesha nje ya njia. Na kuna neno sijalielewa, la uzio. Ule waya ulikuwa umeshakatwa, nikauinua tu pikipiki ipite.

Mama_Zawadi_PHX
Usiandike tena hapa hata herufi moja kuhusu waya. Wewe bonyeza kufuta hilo. Kesho asubuhi piga mahakama iliyoandikwa hapo juu, thibitisha tarehe na uwape anwani yako sahihi. Kisha tafuta wakili anayejua jinai na uhamiaji, kabla ya kulipa chochote. Kulipa ni kukiri.

Kipanga254
Wakili nilisema atatokea 😂 lakini hapa mama yuko sawa.

FundiMatairi
Huyo jamaa wa pikipiki asipoichukua nijulishe. Hujajibu kama ni tu-stroku.