Ushauri: gegedu la sikio nililotoboa limeota kinundu, nitoe hereni?

Mtaa_wa_Baridi
Wakuu, heshima kwenu. Nimetobolewa sikio la juu, kwenye gegedu (ile sehemu ngumu inayopindika), saluni moja hapa Mbeya, kwa ile bunduki ya kutobolea. Hii ni wiki ya sita. Nyuma ya tundu kumeota kinundu chekundu kama punje ya ulezi, na asubuhi nakuta majimaji meupe yameganda kwenye hereni. Maumivu si makali, ila nikivua helmeti ya bodaboda panawaka. Nimeelekezwa nipake spiriti asubuhi na jioni na niizungushe hereni isishikane na nyama. Hii ni keloidi? Nitoe?

Fundi Hereni
Usitoe. Tundu changa hujifunga upesi, na kama ndani kuna uchafu, utakuwa umeufungia humo.

Spiriti na kuzungusha achana navyo leo hii. Spiriti inaunguza ngozi changa inayojijenga. Kuzungusha kunachana kile kilichoanza kushika na kuvuta ukoko mkavu kuingia tunduni. Ushauri huo wameuzoea kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, na hata huko hauna faida. Ndewe ni nyama yenye damu ya kutosha, inapona kwa wiki 6 hadi 8. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, linalishwa na utando mwembamba unaolifunika, kwa hiyo hesabu miezi 6 hadi 12. Tena linapona kutoka nje kwenda ndani: midomo ya tundu inakauka mapema, katikati bado ni kidonda. Hapo ndipo wengi wanabadili hereni na kuanza upya.

Kinundu chako kinaelekea kuwa cha kusuguliwa. Keloidi, yaani kovu linalokua kupita kiasi, kwa kawaida hujitokeza miezi kadhaa baadaye, ni ngumu, na huvuka mipaka ya kidonda ikiendelea kukua. Cha kusuguliwa huja wiki za mwanzo, hukaa palepale mdomoni mwa tundu, na hupungua kinachosugua kikiondoka. Kama kwenu kuna watu wenye keloidi, kifuatilie kwa karibu zaidi.

Sasa tatizo lenyewe. Hereni ya bunduki ina kishikizo cha kipepeo, kinabana nyuma na kukusanya uchafu, na kijiti chake ni kifupi, hakiachi nafasi ya uvimbe. Bunduki yenyewe inasukuma kijiti butu kwa nguvu, gegedu linapondeka badala ya kukatwa safi kama kwa sindano. Tafuta mtobozi anayetumia sindano za kutupa, akubadilishie aweke kijiti kilichonyooka chenye kitako bapa, unene uleule, urefu kama milimita 8. Uvimbe ukishuka kabisa, arudishe kifupi cha milimita 6, maana kirefu nacho kikikaa muda mrefu kinayumba na kulaza tundu upande. Madini: titaniamu ya daraja la vipandikizi, alama yake ni ASTM F136, au dhahabu ya karati 14 kwenda juu isiyo ya kupakwa. Stili 316L ina nikeli, na wenye mzio huwashwa nayo.

Kamwene_Iringa
Kamwene. Naongezea usafi. Mara mbili kwa siku inatosha, ukizidisha unaikausha ngozi. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yaache yapoe, pima mililita 250, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, kiwe kimesawazishwa, kisiwe cha kilima. Ni hafifu kidogo kuliko maji ya dripu ya asilimia 0.9, na hafifu ni salama kuliko kali. Lowesha gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda), bandika mbele na nyuma dakika 5, ukoko ulainike na kutoka wenyewe. Usiubandue kwa kucha. Kausha kwa gozi kavu. Pamba hapana, nyuzi zake zinajisokota kwenye kijiti. Yaliyobaki mwaga, kesho tengeneza mengine. Ukinunua chupa ya dripu, ujue ikishafunguliwa haina kinga ya vijidudu, usiitunze wiki nzima.

Mzee wa Uyole
Toa hereni, weka kijiti cha ufagio. Bibi zetu walifanya hivyo na masikio yakapona.

Kamwene_Iringa
Shikamoo mzee. Yale yalikuwa ya ndewe. Kijiti cha ufagio kwenye gegedu bichi ni kualika ukungu na bakteria.

Nesi_Zamu
Dalili za hatari ni hizi: sikio la juu lote kuwa jekundu, la moto na kuvimba huku ndewe ikiwa salama, maumivu makali ukiligusa, usaha mzito wa kijani au wenye harufu, homa. Hapo utando wa gegedu umeambukizwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa jijini Mbeya, nenda Hospitali ya Rufaa, uombe daktari wa masikio, pua na koo. Usinunue amoksilini dukani. Mara nyingi mhusika ni bakteria wa Pseudomonas, na amoksilini haimwezi. Anahitaji dawa ya kundi lingine, anayeichagua ni daktari. Usaha ukikaa kati ya utando na gegedu, gegedu linakosa chakula na kufa, sikio linasinyaa moja kwa moja. Na GV, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, usipake: zambarau yake inaficha wekundu tunaotaka kuuona.

Mtaa_wa_Baridi
Asanteni sana. Helmeti siwezi kuiacha, na baridi hii ya Juni mzula lazima. Rasta je?

Fundi Hereni
Helmeti vaa. Iingize kwa kuipanua pande zote mbili, usiiburute juu ya sikio. Mzula uwe wa pamba laini, ufuliwe mara kwa mara. Ule wa sufu iliyolegea unanasa hereni. Lalia upande mwingine, au tumia mto wenye tundu katikati, sikio likae kwenye tundu.

Rasta suka, ila msusi asivute nywele za juu ya sikio, na mafuta yasifike kwenye tundu. Dawa ya kulainisha nywele ahirisha. Ringi usiguse kabla ya miezi 6, hata kama panaonekana pamepona: inazunguka yenyewe kila ukigeuza kichwa, na kinundu kitarudi.