Mwendo wa nyoka kwenye Mario Kart DS: upigwe marufuku katika mashindano yetu ya Lamu, au uachwe?

Mwandalizi, Mkomani

Assalamu alaykum nyote. Mashindano ya likizo ya Desemba yamekubaliwa, lililobaki ni sheria moja inayotugawa. Mchezo ni Mario Kart DS wa 2005, mbio za magari kwenye Nintendo DS, mashine ndogo ya michezo ya mkononi, wachezaji wanane kwa pamoja, mashine zikiwasiliana zenyewe bila intaneti. Huduma ya Nintendo ya kuuchezea mtandaoni ilizimwa tarehe 20 Mei 2014, kwa hivyo kukaa meza moja ndiyo njia iliyobaki. Swali ni hili: mchezaji anayeserereka kushoto na kulia hata pale barabara iliponyooka, ili apate msukumo juu ya msukumo, yaani mwendo wa nyoka, aruhusiwe? Leteni hoja.

Dereva wa Shela

Aruhusiwe. Wengi wanaoukataa mwendo huu hawajui unavyofanyika, basi tuuweke wazi. Kitufe cha A, cha kuendesha, kimeshikwa muda wote. Elekeza gari kushoto, bonyeza R, kitufe cha bega la kulia, liruke, litue likiserereka, na R usiiachie. Hapo chezesha vitufe vya mishale: kulia, kushoto, cheche za magurudumu zinakuwa buluu, kulia, kushoto tena, zinakuwa nyekundu. Achia R, gari linasukumwa mbele. Kabla msukumo haujaisha, ruka upande wa pili uanze upya.

Mserereko mmoja hukupa kidogo tu. Faida inakuja ukiunganisha, maana gari halipati nafasi ya kurudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Na kukosea ni rahisi sana. Ukiachia R kabla ya nyekundu, kazi yote imepotea. Ukikawia, uko nje ya barabara na mwendo umeanguka. Ukipinda kwa upana kupita kiasi, njia yako inarefuka mpaka urefu huo unaila faida yote. Hakuna kifaa cha nje hapa wala udukuzi, ni vidole na macho. Kumkataza mtu ujuzi aliouhangaikia ni dhuluma.

Mlezi wa vijana, Langoni

Mwanangu wa Shela, maelezo yako ni sahihi, na humo humo ndimo ilimo hoja yangu. Mchezo huu umepima kila gari kwa mambo sita: kasi, kuchanganya mwendo, uzito, usukani, kuserereka, na bahati ya vitu vya kuokota njiani. Kuna magari zaidi ya 30. Ukiruhusu mwendo wa nyoka, kipimo cha kasi hakina uzito tena, na meza nzima itajaa magari yanayofaa mwendo huo, Dry Bomber na Egg 1. Gari zito la Bowser litaguswa na nani?

Pili, aliyetangulia akishakimbia mbali, gamba jekundu, silaha ya kurushia wapinzani, la aliye wa nne halimhusu, linamfuata wa tatu. Linalomtafuta huyo wa mbele hasa ni gamba la buluu, nalo halipatikani kila mzunguko. Watoto saba watabaki wakigombania nafasi ya pili.

Tatu, na hili linaniuma zaidi. Wengi wa watoto wana mashine lakini hawana kadi ya mchezo. Wataupokea kutoka kwa mashine ya mwenzao. Anayeupokea hivyo hachagui mhusika, anapewa Shy Guy na gari la kawaida, na viwanja vinabaki vinane tu, vile vya vikombe vya Mushroom na Shell. Mwenye kadi anakaa mbele yao na Dry Bomber yake. Hapo hatupimi ujuzi, tunapima nani amenunuliwa kadi.

Refa wa kujitolea, Mokowe

Niulize jambo la utekelezaji. DS haina waya wa kuiunganisha na televisheni. Wachezaji wanane, skrini nane ndogo. Refa mmoja atamwona nani? Na kosa ni lipi hasa? Kiwanja cha Figure-8 Circuit kina kona ndefu ambazo kuserereka ni halali kwa kila mtu. Mchezaji anaanza kuserereka kabla ya kona kidogo, anamaliza baada ya kona kidogo. Je, hapo amevunja sheria? Sheria ambayo refa hawezi kuisimamia itazaa ugomvi kila raundi, na atakayeadhibiwa ni yule aliyekaa karibu na refa.

Mlezi wa vijana, Langoni

Inawezekana kuieleza, bwana refa. Miserereko miwili mfululizo, wa pili kinyume cha wa kwanza, mahali pasipo na kona. Mara ya kwanza onyo, mara ya pili pointi za mbio hiyo zinafutwa. Na kila mchezaji awe na msimamizi nyuma yake. Wazee wako tayari kusimama.

Dereva wa Shela

Wasimamizi wanane wanaojua tofauti ya cheche buluu na nyekundu, bi mkubwa? Hawapatikani mji mzima.

Fundi wa simu, barabara ya sokoni

Mnabishana juu ya vidole na mmesahau kitufe. Mwendo wote huu unategemea R, na R ndiyo inayokufa mapema kwenye DS Lite, ile DS nyembamba. Hapa kwetu upepo wa bahari unabeba chumvi na vumbi, vinaingia kwenye swichi ya bega. Dalili yake: gari linaruka mara mbili badala ya moja, au cheche zinakatika katikati ya mserereko ijapokuwa kidole hakijaondoka. Mtoto ataambiwa hajui, kumbe ni mashine.

Kipimo ni rahisi. Bonyeza R mara 20 polepole, gari liruke mara 20. Kisha ishike sekunde kumi ukiserereka kwa duara, mserereko usikatike. Ikishindwa, toa kadi na betri kwanza. Skrubu za DS Lite ni za aina mbili, za nyota na za mikono mitatu, basi bisibisi moja haitoshi, na ukilazimisha utaila skrubu. Inua kifuniko cha nyuma taratibu: R imeshikwa na pini ndogo na springi nyembamba kama unywele, ikiruka huipati. Safisha swichi kwa spiriti safi isiyo na maji mengi, iache ikauke kabisa, ndipo urudishe betri. Swichi ikiwa imelika, kusafisha ni kupoteza muda. Itolewe kwa chuma cha kuchomea, iwekwe nyingine.

La pili ni chaja. Mashine nyingi hapa zimeletwa na jamaa kutoka nje. Chaja ya DS Lite ya Marekani imeandikwa volti 120, umeme wetu ni 240. Ukiichomeka hivi hivi umeiunguza. Tumieni waya wa USB unaoingia DS Lite. Wa DSi na 3DS, mashine zilizofuata DS Lite, ni mmoja lakini haufai kwa Lite.

Kuhusu sheria yenyewe, mimi ni wa kuacha mwendo wa nyoka, ila kila mashine ipite kipimo cha R kabla.

Mchezaji wa 3DS, Mkomani

Ami fundi, ongeza hili. Kadi ya DS inacheza kwenye 3DS na 2DS, na zinaungana na DS Lite bila shida. Lakini mwenye 3DS ana kijiti cha duara pamoja na mishale. Kwa kugeuza kushoto-kulia haraka, mishale ni sahihi zaidi, kijiti kina safari ndefu. Asije mtu akadai kijiti ni faida ya kupita kiasi.

Refa wa kujitolea, Mokowe

Mbona hatutumii viwanja? Mwendo wa nyoka unataka upana. Banshee Boardwalk ni mbao nyembamba juu ya maji, na pana sehemu zisizo na ukingo. Anayepinda kwa pupa anazama. Baby Park ni duara fupi la mizunguko mitano, kona haziishi na magamba yanazunguka kila upande. Viwanja hivi vinamwadhibu mzembe bila refa kupuliza filimbi.

Mlezi wa vijana, Langoni

Viwanja hivyo viwili vinahitaji kadi. Watoto wa Shy Guy hawavifikii. Kama mnataka nikubali, basi ziazimwe kadi nane kamili, tucheze wote na magari yote. Bila kadi nane, marufuku ibaki.

Mwandalizi, Mkomani

Kadi zilizoahidiwa mpaka sasa ni tano. Mwenye kadi ya kuazima aipeleke kwa fundi ikaguliwe pamoja na mashine. Kadi ya nchi yoyote inafaa, michezo ya DS haifungwi kwa nchi. Zikifika nane, tunafungua mwendo wa nyoka na viwanja vya refa vinaingia kwenye fainali. Zisipofika, makundi yatakuwa mawili: wenye kadi wacheze huru, wa Shy Guy wacheze kundi lao, mwenye kadi mmoja akiwagawia mchezo.

Dereva wa Shela

Yangu ya kuazima ipo, naileta kesho baada ya alasiri. Zimebaki mbili.