Tupeane uzoefu: Mliotembea Tanga mkiwa wawili, mlifika wapi na mlionaje?

Mama Pacha

Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tumerudi Dar juzijuzi kutoka Tanga, na moyo wangu bado uko kule. Tangu tuoane, safari zetu zote zilikuwa za harusi, misiba na kusalimia wazee. Safari hii watoto tulimwachia bibi yao, tukaenda kutembea tu, wawili, hatumfuati mtu.

Kila aliyesikia aliuliza mbona hamwendi Zanzibar. Zanzibar tunaipenda. Ila tulitaka mji ambao hakuna anayekukimbilia na bei mkononi, mji ambao mnaweza kushika barabara mkaongea mpaka maneno yaishe. Tanga barabara ni pana, miti ipo, baiskeli ni nyingi kuliko magari. Kinamama wamejifunga mabuibui yao vizuri, wanaendesha baiskeli na mtoto kakaa nyuma, wala hakuna anayegeuka kuwatazama. Mume wangu alikodi baiskeli mbili kwa fundi mmoja pale Ngamiani, tukazunguka. Barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Asubuhi tunakula vitumbua na mkate wa kumimina barazani, jioni tunakwenda Raskazone kuoga baharini.

Kilichonigusa zaidi ni mapango ya Amboni. Yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji, unashika barabara ya Horohoro halafu unakata kushoto. Tulikwenda na bajaji, dereva akatusubiri. Mapango yapo kadhaa, lakini wageni huingizwa katika moja tu. Nje jua kali, ukiingia ndani hatua chache baridi inakupokea. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa miaka mingi mno, kuna kumbi ndefu kwenda juu, na kuna mahali pa kupita umeinama mpaka magoti yanagusa chini. Vaeni viatu vinavyoshika, sakafu inateleza.

Kijana anayeongoza wageni anajua kazi yake. Alitusimulia habari za Osale Otango, yule aliyekuwa akisakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, ambaye watu wa huku wanasema alijificha humo, akiwanyang'anya matajiri na kuwapa maskini. Kisha akatufikisha kwenye mzimu. Pale tulikuta vitambaa, chupa za marashi na majivu ya ubani, maana watu bado wanakuja kuomba, wengi wao wakiomba watoto.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Pale alisimama, akaniambia taratibu kuwa bibi yake mzaa baba aliwahi kutoka Muheza kwa miguu kuja Amboni kuomba, baada ya kupoteza mimba mara kwa mara, na baba mkwe wangu ndiye aliyezaliwa baada ya hapo. Nimeishi naye miaka yote hii, tumepata mapacha kwa shida tunayoijua sisi wawili, na hajawahi kunisimulia. Sisemi mtu aamini mizimu. Nasema ile habari isingetoka nyumbani kwetu Tabata, sebuleni, televisheni inaongea.

Sasa na nyinyi mseme. Mlikwenda wapi, mlionaje, na anayetaka kwenda na mwenzake ajiandae vipi?

Mdigo wa Chongoleani

Karibu tena nyumbani, dada. Umepaelezea vizuri. Naongeza la Amboni: mkiweza kaeni mpaka magharibi mwaone popo wanavyotoka. Wanatoka kwa maelfu, na mdomo wa pango unakuwa kama chungu kinachofoka moshi.

Wanaotaka kuvuka kwenda kisiwa cha Toten, kile kinachoonekana pale mbele ya bandari, kwanza waulize habari ya maji. Maji yakitoka mtashuka kwenye matope ya mikoko, na mwenzako kama kavaa vizuri safari imeharibika. Nendeni maji yanapojaa, mrudi kabla hayajakupwa. Kisiwani kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, ya wenyeji na ya Wajerumani. Hakuna duka wala maji ya kunywa, bebeni. Na nauli mpatane ya kwenda na kurudi mkiwa bado nchi kavu. Nina shemeji yangu na mkewe walipandishiwa bei wakiwa kisiwani tayari, wakalipa kwa kuwa hawana namna. Watu wa hivyo ni wachache lakini wapo.

Mwalimu Mstaafu

Mama Pacha, nakushukuru kwa kuanzisha jambo hili. Mimi na mke wangu sote tulifundisha, yeye jiografia, mimi historia, na tulipostaafu tuliamua kwenda kuona kwa macho vile tulivyokuwa tukivichora ubaoni. Tanga ilikuwa ya kwanza.

Tulianzia kwenye boma la zamani la Wajerumani karibu na bandari, ambamo sasa mna makumbusho ya Urithi Tanga. Picha za mjini za zamani zile zitazameni pole pole. Mtaona reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia hapo Tanga mwaka 1893. Mwaka huohuo ndipo mkonge ulipoingia nchini: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Yale mashamba yote mnayoyapita kutoka Segera hadi mjini yametokana na miche 62. Mke wangu alimwambia dereva asimame, akashuka kuyatazama.

Kisha tulitembelea makaburi ya vita. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, waliteremka upande wa Raskazone wakidhani mji utaanguka siku moja. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Wakati wa mapigano nyuki walitibuliwa kwenye mizinga yao mitini wakawashambulia watu, na Waingereza walirudi melini wakiacha silaha nyingi ufukweni. Mnaooga Raskazone jioni mnaoga mahali hapo. Tulisoma majina tuliyoweza kuyasoma, na mke wangu akasema kinachomuuma ni askari wetu na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Jambo hilo tumelizungumza mpaka leo hatujalimaliza.

Ila kwa wawili wanaopenda utulivu, mimi nawapeleka Tongoni. Ni kusini ya mji, kiasi cha kilomita 17 kwa barabara ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo, yaani yamesimamishiwa nguzo ya mawe, na hakuna mahali pengine katika pwani yetu yalipokusanyika makaburi ya nguzo mengi hivyo. Nguzo nyingi zimeanguka. Ule ulikuwa mji hasa, wa karne ya 14 na 15, na ulikuwa ukifanya biashara ya ng'ambo. Kwenye makaburi kulikuwa na bakuli za kutoka China zilizopachikwa ukutani, mtaona matundu yake tu. Vasco da Gama alipita maji haya, na mwaka 1499 alipokuwa akirudi aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote.

Tulikuwa peke yetu pale, sisi na mlinzi wa eneo. Mke wangu alikaa chini ya mbuyu akanisomea kibao, kwa sababu miwani yangu niliiacha garini. Miaka 38 ya ndoa, na sikumbuki mchana mzuri kuliko ule.

Shemeji wa Korogwe

Naomba niseme tofauti kidogo, kwa heshima. Sisi tulikwenda fungate mwezi wa nne, masika yamekolea. Mvua ilipiga usiku na mchana, barabara ya kuingilia Amboni tope tupu, baharini maji mekundu. Mke wangu amezoea Arusha, anapenda mahali penye watu na muziki usiku. Saa tatu Tanga imeshalala. Siku ya pili alikuwa kimya, siku ya tatu tukapanda basi kwenda Lushoto, na huko kwenye baridi ndiko tulikofurahi.

Kwa hiyo wanaokwenda, kwanza mjuane mnapenda nini. Mmoja akitaka kupumzika na mwingine akitaka kuchangamka, Tanga itampa mmoja tu.

Mama Pacha

Shemeji umesema kweli, wala hujakosea kulisema hapa. Sisi tulikwenda mwezi wa tisa, kavu, jua la kuvumilika. Masika hata mimi simshauri mtu.

Kijana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi tulivuka Lunga Lunga tukaingia Horohoro, vyote viko jengo moja siku hizi, unagongewa pasi ya kutoka na kuingia hapohapo. Kutoka mpakani hadi Tanga mjini ni lami nzuri, mwendo wa kama saa moja. Badilisheni pesa kidogo mpakani, nyingine mjini.

Mimi ni mtu wa pwani, bahari si kitu kigeni kwangu. Kilichonishika Tanga ni upole wa watu. Tulipotea tukitafuta Majimoto ya Galanos, yako huko huko njia ya Amboni, na mzee mmoja aliacha shughuli zake akatembea nasi mpaka pale. Hatukumwomba. Tulipotaka kumpa kitu akakataa, akasema wageni wakifika salama yeye keshalipwa. Yale ni maji ya kiberiti, yanatoka ardhini ya moto, harufu unaisikia kabla hujafika. Yamepewa jina la Mgiriki mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Jengo la kuogea la zamani limechakaa sana na inauma kuliona hivyo, kwa sababu mahali pale pangetunzwa, watu wangetoka Nairobi kuja kuoga.

Chakula: msiondoke bila kula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi. Mke wangu ni Mkamba, alikuwa hajawahi kuuonja. Sasa kila Jumamosi nyumbani unapikwa, na unga tunauagiza kutoka kwa mama yuleyule aliyetupikia.

Binti wa Makorora

Mmenifurahisha, ila mbona hakuna aliyetaja Maziwe? Mimi nimezaliwa Tanga, nimeolewa Mwanza, na mume wangu nilipomleta mara ya kwanza nilimpeleka Pangani kwanza, ndipo nikamwonyesha mji.

Pangani ni mji mdogo kwenye mlango wa mto, nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga, kivuko kinakupeleka Bweni ng'ambo. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya vita aliyoiongoza dhidi yao. Mume wangu alisimama kando ya mto muda mrefu, yeye ni wa ziwa, anasema mto unaokutana na bahari hakuwahi kuuona.

Kisiwa cha Maziwe mnakwenda kwa boti, kutoka Pangani au Ushongo. Usitarajie miti. Zamani ilikuwepo, sasa ni fungu la mchanga mweupe, na maji yakijaa sana linabaki dogo au linafunikwa kabisa, ndiyo maana nahodha ndiye anayepanga saa ya kuondoka, siyo nyinyi. Ni hifadhi, mnalipia. Mnaogelea juu ya matumbawe na samaki wa kila rangi. Mume wangu kuogelea kwa Ziwa Victoria anajua, ila chumvi ilimshangaza, akanishika mkono kama mtoto mpaka akazoea.

Bebeni kofia, kanga mbili za kujifunika, na maji mengi. Kivuli hakuna.

Mgeni Njiani

Nimesoma yote. Mimi na mchumba wangu tunapanga kwenda Desemba, bado hatujafunga ndoa. Je, tutasumbuliwa kwenye nyumba za wageni? Na mavazi je?

Mdigo wa Chongoleani

Kijana, piga simu kabla ya kwenda. Nyingine huuliza cheti, nyingine haziulizi. Mkitaka amani chukueni vyumba viwili, wazee wa pande zote mbili watawapenda zaidi. Mavazi: ukiwa Ngamiani au Pangani vaeni ya heshima, mabega na magoti yafunikwe. Kule klabu ya kuogelea vaeni ya kuogelea. Na salamu kwanza, kisha shida. Huku ukimwona mzee umpe shikamoo yake ndipo uulize njia.

Mama Pacha

Mgeni Njiani, mkitoka Dar pandeni basi la asubuhi pale Mbezi, mtafika mchana. Kama ni msimu wa machungwa nunueni Muheza kupitia dirishani, ila mkae upande wa kushoto, kulia jua linapiga. Binti wa Makorora, nitumie inboksi namba ya huyo nahodha wa Maziwe. Mume wangu ameshauliza mara mbili kama nimeipata.